Chumba Kilichotangulia Mihrabu

Hakuna aliyempa mkono. Watu wa mtaa wa Mtendeni walimsalimu kwa heshima zote, shikamoo bibi, umeamkaje bibi, lakini mikono yao ilipata kazi ghafla: kufunga kanga, kumvuta mtoto, kukuna shingo. Yeye aliitika marahaba, kisha akaingiza mikono yake ndani ya kanga ili kuwaondolea shida. Alikuwa ameosha maiti za wanawake mjini Tabora tangu kabla sijazaliwa, na watu waliamini kwamba mikono ile ina baridi isiyotoka hata kwa jua la Oktoba. Mimi niliwahi kuishika. Ilikuwa ya moto, mikavu, na ncha za vidole zimekunjamana kama za mtu aliyeshinda kutwa nzima akifua.

Jina lake nalijua lakini sitaliandika, kwa sababu mwenyewe hakulipenda midomoni mwa watu wa nje. "Jina langu la nyumbani ni la watu wa nyumbani," alisema. "Nyinyi mmenijua kwa kazi, niiteni kwa kazi." Sisi wanafunzi tulimwita Bibi Mwosha mbele yake na Mwosha nyuma yake, na hapa nitamwita hivyo.

Msikiti ulio mkabala na geti la chuo chetu cha ualimu, wanaosali humo leo hawamjui. Wana marumaru, wana feni, wana spika nne juu ya paa. Ukiwauliza nani aliuanzisha watakuambia ni wanafunzi wa zamani, na hawatakuwa wamesema uongo, maana na mimi nilikuwamo katika hao wanafunzi wa zamani. Uongo katika habari hii ulisemwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi.

Kwanza nimalize habari zake. Mtu angedhani mwosha maiti ni mtu wa huzuni, wa kuvaa nguo kuukuu na kutembea akitazama chini. Huyu alikuwa na maringo. Alipaka hina kwenye kucha kila mwezi na wanja kila asubuhi. Alinukia karafuu, na chini ya karafuu kulikuwa na harufu ya kafuri ambayo haikumtoka hata siku ya Idi. Alitafuna karanga mbichi kutwa, akiweka maganda kwenye pindo la kanga. Alikuwa na timu yake ya mpira, na ilipofungwa hakusema na mtu mpaka kesho yake. Na alikuwa mwoga wa vyura. Mwanamke aliyekaa peke yake na maiti kwa saa tatu bila kutikisika, chura akiruka uani alipanda juu ya kiti na kupiga kelele, "Mayu! Mayu wane!" akimwita mama yake kwa Kinyamwezi, mpaka mtu aje amfukuze.

Msibani hakula. Alifanya kazi yake, akanawa, akaondoka kabla sahani hazijapita. Nilifikiri ni ucha Mungu. Siku moja akaniambia sababu yenyewe: wanawake waliokuwa wakipakua chakula walikuwa wanamtengea sahani ya peke yake, na baadaye hawaitumii tena. "Nimewapunguzia hasara ya vyombo," akasema, akacheka kwa namna ambayo haikunifurahisha.

Nilimjua siku aliyokufa Zuhura.

Zuhura alikuwa rafiki yangu. Kwao ni Tura, kijiji cha stesheni upande wa mashariki, na alikuwa na tabia ya kuamka akisikia honi ya treni hata usingizini. Yeye alilala kitanda cha juu, mimi cha chini. Homa ilimkamata Jumatatu, na Alhamisi asubuhi alifia kwenye zahanati ya chuo. Baba yake alizungumza na Idrisa kwa simu. Idrisa alikuwa kijana wa Lusu, mwaka wa pili, tuliyemchagua kuwa amiri wetu, kiongozi wa Waislamu wa chuo, kwa sababu ndiye aliyesoma Kurani kuliko wote. Mzee akamwambia treni haipo mpaka keshokutwa. "Mzikeni hukohuko," akasema. "Msimcheleweshe mwanangu kwa ajili yangu. Nitakuja kuliona kaburi."

Tulikuwa Waislamu wachache chuoni: wavulana kumi na tisa, wasichana saba, na asubuhi ile sita. Hatukuwa na msikiti. Tulisali darasani baada ya vipindi, na majira ya mitihani tulisukumwa mpaka kwenye varanda ya stoo. Hatukuwa na jeneza, hatukuwa na sanda, na katika wasichana sita hakuna aliyejua kuosha. Matroni akatuma mtu Mtendeni, na Mwosha akaja kwa miguu, kapu begani, beseni kichwani.

Akatazama mabafu ya bweni akatikisa kichwa. Yalikuwa membamba, milango haina komeo, maji yanatuama. Gari la chuo lilikuwa safarini Nzega, kwa hiyo hatukuweza kumpeleka mjini. Akaamua tumwoshee nyuma ya bweni, kwenye kamba za kuanikia nguo, juu ya meza ya jikoni, na shuka zetu ziwe ukuta. Wasichana wawili walikimbia kulia chumbani. Watatu wakashika pembe tatu. Pembe ya nne aliishika Speransia, mwanafunzi mwenzetu Mkatoliki, binti wa wakulima wa Ulyankulu ambao wazee wao walitoka Burundi. Hakuna aliyemwita. Alikuja akashika.

"Nani wake hapa?" Mwosha akauliza.

Wenzangu wakanitazama.

"Ni wewe?"

"Tulikuwa tunalala chumba kimoja, bibi."

"Basi utanimiminia maji. Vua viatu, kunja mikono."

Niliona mguu wa Zuhura chini ya kanga. Ulikuwa na kovu la mchongoma kwenye kifundo, kovu nililolizoea, na sasa rangi yake ilikuwa imebadilika. Nikasogea kwa yule bibi nikamwambia kwa sauti ya chini:

"Bibi, mimi niko kwenye siku zangu."

Nilikuwa twahara kabisa. Wasichana wa Kiislamu tunalijua neno hilo tangu shule ya msingi. Linakutoa kwenye sala ya alfajiri, linakutoa madrasa, linakutoa kwenye funga siku ya joto. Hakuna mwanamume atakayeuliza zaidi, na hakuna mwanamke atakayekukagua. Nilikuwa nimelitumia mara nyingi kwa uvivu. Siku ile nililitumia kumkimbia rafiki yangu.

Mwosha akanitazama kidogo. "Haya," akasema. "Kaa kando."

Nikakaa nyuma ya shuka, hatua tano, mgongo ukutani. Nikamsikia akiongea na Zuhura. Aliongea na maiti zake zote, nilikuja kujua baadaye, kwa sauti ileile ambayo mtu humwogeshea mtoto. "Samahani mwanangu, maji yana ubaridi kidogo. Haya, kulia kwanza. Hivyo hivyo. Nipe mkono." Kisha akapaza sauti: "Nani kamsuka huyu? Kazi nzuri. Nywele lazima zifumuliwe, zisukwe mikia mitatu. Aliyesuka aje afumue, anajua alipoanzia."

Nilikuwa nimemsuka mimi, Jumapili. Nikaziba uso kwa kanga.

Kwa kuwa hapakuwa na wa kumimina, Mwosha alimimina mwenyewe kwa mkono mmoja, na maji yakaisha upesi. Speransia akafunga pembe yake kwenye kamba akaenda bombani na ndoo. Hapo upepo wa kiangazi ukaja na vumbi lake, fundo likafunguka, shuka ikapanda juu. Nje ya uzio walikuwapo vijana wa jikoni na wapita njia. Sijui waliona nini na nani aliona. Najua Mwosha alijitupa juu ya Zuhura na kanga zake zote mbili, kichwa wazi, mvi zake nje, akipiga kelele kwa watu wageuke. Speransia akatupa ndoo akakimbilia shuka. Mkatoliki alikimbilia shuka, na mimi Mwislamu nilibaki ukutani nimeziba uso.

Sala ya jeneza iliswaliwa kwenye kiwanja cha mpira wa pete baada ya Adhuhuri, maana jeneza la kuazima kutoka mjini lilichelewa. Na hapo nilifanya jambo ambalo hata leo silielewi. Nilitaka kumwombea Zuhura. Nikasahau uongo wangu, nikaenda bomba la jikoni, nikatawadha, nikasimama mstari wa nyuma na wenzangu. Nilipokuwa natawadha, maji yakinichuruzika viwikoni, Mwosha alipita na beseni lake tupu. Alinitazama mikono, akanitazama uso, akaenda zake. Aliniona au alikuwa anatazama kwingine tu? Nililala na swali hilo miaka mingi.

Wiki iliyofuata alikuja getini kumtafuta Idrisa. Mlinzi hakumruhusu kuingia, kwa hiyo tulimfuata nje, mimi nikiwa nyuma ya wote. Akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwenye kiwanja chenye gofu la nyumba ya matofali mabichi. Kilikuwa chake, alikaa hapo zamani.

"Kile nakitoa wakfu," akasema. "Jengeni msikiti wenu. Lakini mtaanza na chumba cha kuoshea wanawake. Chumba kikiwa na paa, ndiyo muendelee na mengine."

Idrisa alikuwa na adabu, lakini alikuwa na shingo ngumu vilevile. "Bibi, Mungu akulipe. Lakini msikiti ni mihrabu, pale asimamapo imamu. Tukianza na chumba cha maiti watu watatuonaje?"

"Watawaona mna akili. Mihrabu haiozi, mwanangu. Mkichelewa mwaka, itawangoja. Zuhura angewangoja?"

"Tutakijenga bibi, naahidi. Tukishamaliza ukumbi wa sala."

"Mwenzenu ameoshwa uani kama sufuria," akasema Mwosha. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia, na alilia kwa hasira. "Niliwekewa mtoto wa watu mkononi nikashindwa kumsitiri. Mimi. Kazi yangu ni moja tu duniani, kusitiri, na nilishindwa. Kama hamtaki sharti langu, kiwanja kibaki na mijusi."

Idrisa akaandika maneno ya wakfu kwenye daftari la somo la malezi, mashahidi wakatia saini. Sharti la chumba halikuandikwa. Alisema amelisikia, na kusikia kunatosha baina ya waumini. Sisi sote tuliona inatosha.

Matofali tulifyatua wenyewe, kwa udongo wa kichuguu, Jumamosi na Jumapili. Tulipotaka kuyachoma tanuri lilituangukia mara mbili, mpaka kaka zake Speransia walipokuja kutoka Ulyankulu, watu wa misa ya kila Jumapili, wakatupangia wakatuonyesha mahali pa kuacha midomo ya moto. Walikaa siku tatu. Mmoja aliniuliza msikiti huu ni wa kabila gani la Waislamu, nikamwambia ni wa wanafunzi tu, akaridhika. Mimi nilibeba matofali kuliko msichana yeyote. Nilibeba mpaka mabega yakachubuka, na Idrisa akanisifu mbele ya watu kwa imani yangu. Nilimchukia kwa sifa ile.

Ilipofika siku ya kujenga kitanda cha kuoshea, fundi aliuliza vipimo. Mwosha alitandika kanga chini katikati ya kuta akalala chali. "Nipimeni mimi. Wengi wetu tuko hivi. Ongezeni shibiri kichwani na shibiri miguuni." Fundi alikataa kusogea na utepe wake. Wavulana wakatazama pembeni. Nikaenda mimi nikampima, na alikuwa amefumba macho, ametulia kabisa, akatoa amri bila kufumbua: sakafu iinamie upande wa miguu, maji yaende shimoni, yasipite kamwe mahali mtu atakapokanyaga. Kisha akainuka, akajipangusa vumbi, akaomba karanga zake.

Kwa hiyo msikiti wetu wa kwanza ulikuwa chumba cha maiti chenye varanda. Tulisali kwenye varanda hiyo mwaka mzima, mikeka yetu ikigusa ukuta wa chumba. Wanafunzi wengine walituita Watu wa Mochwari. Vijana wa mjini hawakuja, waliogopa. Ijumaa tulikwenda kusali mjini kama zamani, maana mashehe wetu hawaiswalishi bila wanaume arobaini na sisi hatukufika hata nusu. Wazazi wa msichana mmoja walimkataza kabisa kusogea pale. Kulikuwa na siku nilidhani Mwosha ametuharibia kila kitu kwa ukaidi wake, na Idrisa alilisema hilo waziwazi, kwake usoni.

Halafu akafa mama mmoja aliyekuwa anauza maandazi getini. Akaoshwa mle ndani, mlango umefungwa, paa juu, maji yakaenda yalikotakiwa. Hakuna aliyeona hata ukucha. Watoto wake walikuja baada ya siku arobaini na mabati sita wakasema yawe ya ukumbi wa sala. Tangu hapo watu wakaanza kuja, mmoja na bati, mwingine na mbao, mwingine na mikono yake. Idrisa alipoweka tofali la kwanza la mihrabu alimwita Mwosha asimame karibu. Hakuwa amemwomba radhi kwa maneno, lakini alimpa mwiko aweke udongo. Akauweka vibaya, ukadondoka, tukacheka wote.

Jambo moja lilinitatiza. Baada ya ujenzi wote ule, hakusali ndani ya ukumbi. Alisali kwake. Akija pale alikaa kwenye kizingiti cha chumba chake akamenya karanga, na sala ilipokimiwa, watu wakianza kupanga safu, alinyanyuka akaondoka. Nilimuuliza kwa nini. "Wakinyoosha safu wataacha nafasi pembeni yangu," akasema. "Safu yenye pengo si nzuri. Bora pengo liende nyumbani."

Kila Jumamosi alitufundisha wasichana kuosha. Tulijifunzia kwa mto wa pamba, kisha kwa kila mmoja wetu akiwa na nguo zake. Nilikuwa hodari. Nilijua kila hatua kwa mdomo: majani ya mkunazi katika maji ya kwanza, kafuri katika ya mwisho, kulia kwanza, idadi iwe witri, isiyogawanyika kwa mbili, nywele mikia mitatu. Wanafunzi wapya wakija alisema, "Muulizeni huyu." Na kila ilipotokea maiti ya kweli, sikuwapo. Nilikuwa na mtihani, nilikuwa na homa, nilikuwa kwenye siku zangu. Hakuniuliza hata mara moja. Alikuwa na kanuni kwamba kinachoonekana katika kuosha hakitoki mlangoni, iwe kovu, iwe mimba, iwe alama ya kipigo. "Kinywa changu ni kaburi la pili," alisema. Nilikuwa najiuliza kama na mimi nimo humo.

Wenzangu walikuwa wanamtania kwa ile methali, mwosha huoshwa. Yeye hakuipenda. "Huoshwa na nani?" alijibu. "Methali haikumtaja."

Nilipomaliza chuo nikapangiwa shule Urambo, nikaolewa, nikazaa, nikawa mwalimu mkuu msaidizi. Nilimpelekea salamu, na asali mara mbili. Mwenyewe sikwenda. Mwaka jana ndipo niliporudi Tabora kwa shughuli za shule, nikaenda kusali Adhuhuri pale ng'ambo ya geti. Nilipotoka nikasukuma mlango wa chumba. Kitanda cha kuoshea kilikuwapo, na juu yake maboksi ya spika, waya, viti vya plastiki vilivyopandana mpaka darini. Tundu la maji lilizibwa kwa saruji.

Kiongozi wao alikuwa kijana mpole, mwenye simu mbili. "Mama, siku hizi maiti wanaoshwa hospitali," akaniambia. "Hapa pamekuwa stoo."

"Bibi aliyetoa kiwanja alisemaje?"

"Bibi yupi, mama?"

Akaenda kuniletea nakala ya wakfu, imewekwa kwenye plastiki vizuri. Mwandiko ni wa Idrisa. Sharti halimo. Nilikasirika, lakini kijana hakuwa na kosa, alisoma kilichoandikwa. Wenye kosa ni sisi tulioona kusikia kunatosha.

Nitasema sasa hivi, ili nisijifiche: Mwosha amekufa, na mimi sikumwosha. Alikufa masika haya. Nilipata habari asubuhi, nikatoka Urambo saa hiyohiyo, lakini maji yalikuwa yamefunika barabara na basi lilikaa mbele ya daraja mpaka Alasiri. Nilifika kaburi limeshamwagiwa maji. Waliomwosha ni watu wa hospitali. Niliuliza jina la aliyemimina na la aliyesugua, na hakuna aliyejua. Niliuliza kama mtu alimwambia neno wakati wanamwosha. Mjukuu wa dada yake, aliyekuwa anaishi naye, akanitazama kama nimechanganyikiwa.

Kwa hiyo nimebaki na siku ile ya mwaka jana, nilipotoka kwenye ile stoo nikaenda moja kwa moja Mtendeni.

Nilimkuta peke yake, kwenye kitanda cha kamba ukumbini. Mjukuu alikuwa sokoni. Macho yalikuwa yameingia ukungu, na vidole vyake vimejikunja ndani ya viganja, havifunguki. Kucha hazikuwa na hina. Nikapiga hodi, nikasema shikamoo bibi.

"Marahaba," akasema. Akainua uso kuelekea sauti yangu, akasikiliza kidogo. "Wewe ni yule wa hedhi."

Nilikaa chini kando ya kitanda. Nikashika mkono wake, na hapo ndipo nilipojua kwamba ni wa moto.

"Uliniona, bibi."

"Nilikuona unatawadha. Mwenye hedhi anatawadha kwenda wapi?"

"Kwa nini hukuniambia kitu?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unatetemeka kuliko shuka." Akatafuta karanga kwenye pindo la kanga kwa kiganja kilichokunjika, akakosa. "Chumba changu kipo?"

Jibu rahisi lilikuwa kipo, na lisingekuwa uongo. Lilinifika mdomoni. "Kuta zipo, bibi," nikasema. "Ndani wameweka viti na spika. Tundu la maji wameziba."

Akafumba macho. Nje watu walikuwa wanapita wanasalimiana. Nilidhani amesinzia.

"Leo uko twahara?" akauliza.

Na siku hiyo, Mungu ni shahidi, sikuwa. Adhuhuri nilikuwa nimesali vizuri, na njiani kuja kwake ndipo zilipoanza. "Hapana, bibi," nikasema. "Leo kweli siko."

Akacheka mpaka akakohoa. Hakuniamini hata kidogo. "Nilijua utasema hivyo. Sikiliza, mwanangu. Mwenye hedhi haswali, lakini anaosha. Inajuzu. Hata siku ile ungekuwa nayo kweli, ungeosha. Nilijua, na ningeweza kukwambia palepale ukakosa pa kukimbilia. Nikakuachia." Akageuza uso ukutani. "Nilikuachia wewe, na shuka ikapeperuka. Lile ni letu wawili. Usidhani umelibeba peke yako."

Nililia. Hakunibembeleza, hakuwa mtu wa kubembeleza walio hai.

"Leo sikuachii," akasema. "Mtoto huyu wa sokoni ananipangusa kwa kitambaa, anafumba macho. Nikifa watanipeleka huko hospitali kwenye marumaru, wanioshe watu nisiowajua. Mle chumbani ndimo nilimotaka, kipimo ni changu. Basi iwe hapahapa, nikiwa hai. Maji yamo kwenye ndoo."

"Siku yenyewe ikifika nitakuja, bibi. Nitakuosha mimi."

"Sema inshallah. Usije ukanidanganya mara mbili."

Nikasema inshallah. Nikafunga mlango, nikatia komeo, nikaziba dirisha kwa kanga yangu na kuijaribu pembe zote nne. Nikavua viatu, nikakunja mikono. Nikamlaza, nikamfunika kutoka kitovuni mpaka magotini kama alivyotufundisha, nikafumua nywele zake, ambazo zilikuwa nyeupe na chache. Nikachota kata ya kwanza. Mkono wangu ukaenda kushoto, kwa sababu ndiko nilikokaa.

"Kulia kwanza," akasema.

Nikazunguka kitanda. Nikamimina polepole begani.

"Samahani bibi," nikasema, "maji yana ubaridi kidogo."

"Hayana," akajibu. "Endelea."